Tatu na Kipande

Siku ile niliacha chaki mezani
nikawaambia Kidato cha Tatu B: kesho leteni duara.
Sikusema duara gani.

Dorika Chibago akaja na kifuniko cha sufuria,
masizi bado, na harufu ya mlenda.
Yobu akaja na ringi ya baiskeli ya baba yake
(baba alikuwa amelala, tulikuja kujua baadaye).
Ungo. Sahani ya bati yenye ua jekundu.
Na Mechaki Ndahani, ambaye katika daftari langu
ana sifuri tano zimejipanga kama mbuzi njiani,
akaja mikono mitupu.
"Langu halibebeki," akasema,
akaonyesha kwa kidevu tangi la saruji nyuma ya bweni.

Kamba ya katani. Zungusha, kata.
Sasa ipime kwa upana, ukingo hadi ukingo,
uone upana unaingia mara ngapi.
Ungo: mara tatu, na kipande kikabaki.
Sahani: tatu, na kipande.
Ringi: tatu.
"Na kipande!" darasa zima.
"Mwalimu, hiki kipande kinatufuata," alisema Dorika.
Yobu akarukia ndani ya tangi, kavu tangu Juni,
mijusi ikamkimbia, akashika ncha ya kamba.
Tatu. Na kipande.

Miaka kumi na moja nimeandika pai ubaoni
kama mtu anayetaja jina la mkwe
ambaye hajawahi kula naye.

Oktoba, vumbi la Chilonwa likiingia hadi kwenye meno,
tulipima paa la bweni: ishirini na nne kwa nane.
Tukatandaza turubai la mita moja kila upande,
tukakunja kingo, tukamwaga lita moja ya maji
(tuliyoyaomba jikoni, kwa maneno mengi).
Yakatulia, kina chake unene wa ukucha.
Milimita moja.
Basi mvua ya mwaka? Tuseme mia tano, tusijidanganye.
Lita elfu tisini na sita.
"Kwa ndoo," nikasema. "Zile za lita ishirini."
Ndoo elfu nne na mia nane.

Hapo kelele zikaisha.
Wasichana, ambao saa kumi alfajiri huwa korongoni
wakifukua mchanga kusubiri maji yapande,
wakaangaliana.
Dorika akajigusa utosini, pale ngata inapokaa.

Mkuu wa shule akapita, akauliza mada imefika wapi.
Nikamjibu: imepanda juu ya paa.
Hakucheka.

Mvua ilikuja Desemba, usiku, kwa fujo.
Asubuhi chupa yetu iliyokatwa shingo ilisoma kumi na mbili.
Wakapiga hesabu wamesimama, miguu kwenye tope,
wakigawa kwa eneo la kitako cha tangi:
maji yawe sentimita thelathini na mbili, na ushei.
Mechaki akachovya fimbo.
Nane.

Akachovya tena upande wa pili,
kama mtu anayempa mdeni nafasi ya mwisho.
Nane.
"Hesabu imekubali, Mwalimu," akasema.
"Gata ndiyo imekataa."

Tukainua macho: bati limeachia, limening'inia,
na chini yake udongo umechimbika
shimo la kumfikia mtoto magotini.

"Sasa hii iliyomwagika
tunaiandika wapi?"

Sikuwa na jibu.
Alikwisha kuchukua kamba.
Nilimshikia ngazi.