Bei ya Darubini ya Vinzenz

Aliileta ndani ya soksi ya sufu,
soksi ya mguu wa kushoto, kisigino kimeliwa na nondo,
akaiweka mezani pangu kama mtu anayeweka yai.
"Ilikuwa ya Vinzenz," akasema Bibi Notburga.
"Na paa la jikoni linavuja."

Kwanza mikono, kisha macho, bei mwisho kabisa.
Ndivyo nilivyofunzwa hapa Ferlach,
na aliyenifunza alinigonga vidole kwa mpini wa bisibisi
kila nilipotaja pesa kabla ya nambari.

Bomba ni la chuma, si aluminiamu.
Gurudumu la kulengea ni moja tu, la juu;
la pembeni halipo, maana siku zile upepo
ulirekebishwa kwenye vishikio, kwa subira na matusi.
Jina la kiwanda limebaki herufi tatu.
Nambari ipo, tarakimu tano,
ya mwisho ni saba, au ni moja yenye kiburi.
Ni kuukuu kweli. Ni ya mwindaji, si ya askari.
Moyo ukaanza kunipanda.

Lakini chuma kinang'aa.
Kinang'aa kama kijiko cha arusi.

"Umeisafisha?"
"Jana usiku, kwa siki na majivu. Ilikuwa nyeusinyeusi,
nikaona haya kukuletea uchafu."

Ule weusi, Bibi, ndio uliokuwa pesa.
Sikusema hivyo. Nilisema, "Aha."
Chema chajiuza, walinena wahenga;
hiki kilioga kwanza.
Daftarini nikaandika: rangi ya asili, hakuna,
na yuro mia mbili zikateremka
kwenye bomba la karo lake, pamoja na siki.

Nikaipeleka dirishani, nikalenga saa ya kanisa.
Ukungu umeota ukingoni mwa lenzi,
vijizizi kama barafu ya kwanza ya Novemba.
Nguzo nene ya chini ipo, imesimama wima.
Lakini pale panapopaswa kupita waya
pamepita kitu kingine,
kimepinda kidogo, kama kilichochoka kunyooshwa.
Nikawasha taa. Nikageuza.

"Mtu aliifungua hii," nikasema. "Tazama skrubu, imechokonolewa.
Waya ulikatika, naye akatia unywele."
"Vinzenz aliiweza kazi hiyo. Alitengeneza hata saa za mkono."
"Unywele mwekundu."

Kuni zikalia jikoni mwangu.
Akavua kitambaa chake, taratibu,
mvi zikaanguka mabegani.
"Zangu zilikuwa nyeusi kama lami," akasema.
"Za mama yake pia nyeusi.
Mbwa wetu alikuwa wa kijivu."

Akaomba aitazame.
Akatazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa,
mdomo wazi kidogo, kama watazamavyo wote.

"Kila paa niliyempika chini ya paa lile,
miaka thelathini na moja," akasema,
"amepita kwanza kwenye unywele huu."

Nikarudi kwenye hesabu, kwa kuwa hapo ndipo ninapojua njia.
Mnadani, themanini:
ukarabati wa nyumbani hushusha thamani.
Kwa mpenda hadithi, labda mia na ishirini.
"Na ukiutoa?"
"Nikitia waya mpya, nikifuta ukungu, mia na hamsini."
"Itatosha vigae?"
"Vya upande mmoja."

Akaifunga ile soksi fundo, tupu,
akaitia mfukoni mwa koti.
"Basi utoe. Darubini uiuze.
Unywele nipe mimi.
Kuna mtu Villach nataka kumrudishia."

Nikatafuta bahasha kwenye kila droo.
Sikuwa na ndogo ya kutosha.