Sauti ya Kupanda

Saa kumi na mbili, Matamba, ukungu haujaamka.
Ambindwile yuko mnarani na kompyuta na chupa ya chai;
mimi nateremka na simu ya majaribio kifuani,
hatua mia, nasimama, natuma,
hatua mia, nasimama, natuma.

Kushuka si shida. Mnara una kifua,
unanguruma kwa wati arobaini na bonde zima linasikia:
matangazo, salamu za kampuni, bahati nasibu.
Kioo kinaonyesha vijiti vyote vinne.
Vijiti ni waongo. Vinapima unavyoitwa,
havipimi unavyoitika.

Kuitika ndiyo kazi. Simu ina robo ya wati tu,
pumzi ya mtoto mbele ya kibatari,
na inabidi ipande: ipite pareto, ipite mikaratusi iliyolowa,
ipite ule mgongo wa mlima
uliolala kama ng'ombe asiyetaka kuinuka.

Mbinu ya kwanza: antena moja, neno mara moja.
Ambindwile anahesabu kwenye redio ya mkono:
"Mia zimetoka. Kumi na tisa zimefika."

Kwenye viazi Mama Luvanda ananitazama,
jembe begani, matope hadi magotini.
"Mnapima nini?"
Kama mnara unawasikia, namwambia.
Anacheka. "Huo? Huo husema tu."
Anatoa simu iliyofungwa kwa mpira:
ujumbe kwa bintiye aliye Makambako, siku ya tatu sasa,
bado unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.
"Usinunue mbegu. Nimepata."

Mbinu ya pili: antena mbili, neno lilelile,
kama watu wawili na gunia.
Wakinyanyua pamoja, linapanda;
wakipishana kwa unywele, linawaangukia.
Nageuza. Nasawazisha. Natuma.
"Sabini na nne," anasema Ambindwile. Kisha kimya. "Rudia."
Sabini na moja.
Naandika zote mbili, kwa penseli; wino haupatani na manyunyu.

Namwazima simu yangu. Anabonyeza kwa kidole gumba,
polepole, kama anayepanda mbegu moja moja.
Ujumbe unaondoka.

Jibu linashuka kabla hajafuta kioo,
maana kushuka si shida:
"Mama, nilishanunua. Magunia sita."

Anakaa juu ya tuta.
Fomu yangu ina safu ya makosa, safu ya nguvu,
safu ya ucheleweshaji, kwa milisekunde.
Siku tatu sioni pa kuziandika.