Kistari

Saa kumi alasiri, Makorora. Mshale umesimama elfu moja na tisa.
Nagonga kioo kwa kucha, kama alivyokuwa akigonga baba
ofisini kwa karani, shamba la mkonge, kule Pongwe:
mara mbili, polepole, kama mtu apigaye hodi nyumba ya mfiwa.
Mshale unashuka upana wa unywele.

Juu ya bati, vifuu vitatu vinazunguka kwenye habu ya baiskeli.
Fundi Shekue alicheka siku aliponichomelea:
"Mama Nyamvula, wenzio hupandisha antena, wewe wapandisha kata za maji?"
Nikamlipa. Tangu hapo kila mzunguko ni tiki moja ukutani,
na tiki nazijua kama nilivyojua kikohozi cha marehemu mume wangu,
kipi cha vumbi, kipi cha kuamkia.

Redioni wamekipa kimbunga jina la binadamu.
Kiko kusini mwa Mafia, wanasema, kinakuja
kwa mwendo wa baiskeli isiyo na haraka.
Mafia ndiko aliko Nyamvula wangu, muuguzi, zamu ya usiku.
Ana barometa ndani ya simu; nilimwonyesha mwenyewe pa kubonyeza.
Basi leo tuna vituo viwili, yeye na mimi,
na maji yote haya katikati.

Saa mbili. Yeye: mia tisa tisini na nane. Mimi: elfu moja na sita.
Saa tatu. Yeye: mia tisa tisini na moja, "mama, milango inapumua."
Mimi: elfu moja na tano. Nimeandika.
Pembeni nimeongeza: milango inapumua.
Saa nne. Yeye:

na hapo mtandao ukakatika.

Kitabuni mwa baba, miaka ishirini na miwili ya mvua na wino,
kuna siku zenye sifuri na siku zenye kistari.
Nilikuwa na miaka tisa nilipomwuliza: si zote hamna kitu?
Akavua miwani.
"Sifuri, nimekwenda, nimetazama chupa, nimeikuta kavu.
Kistari, sikufika. Mto ulijaa, au nilikuwa na homa.
Usiandike sifuri mahali ambapo hukufika."

Saa nne, safu ya Nyamvula: kistari.
Saa tano: kistari.
Kalamu inataka kujipinda, iwe duara. Naishika.

Kwangu sasa kumeanza. Mpapai wa jirani umelala uani bila kubisha.
Tiki zimeacha kuwa tiki, ni mchele unamiminwa kwenye ungo.
Hamsini. Hamsini na nane. Mwamtumu wa nyumba ya pili agonga kwa ngumi,
kabeba wanawe wawili na jiko la gesi.
"Bati langu limeanza kusema. Mashine yako inasemaje?"
Namwambia inasema laleni ukuta wa kaskazini, mbali na dirisha.
Mashine haikusema hivyo. Mashine hutaja tarakimu tu.
Mengine ni mimi.

Sitini na saba. Sabini na moja. Halafu kishindo paani,
kitu kikabiringika, kikadunda nje,
na ukuta ukanyamaza.
Upepo ungali pale pale, mkubwa kuliko idadi yoyote niliyonayo.
Saa nane usiku, safu yangu mwenyewe: kistari.

Imebaki barometa. Nagonga. Elfu moja kasoro moja.
Nagonga. Elfu moja kasoro moja.
Baada ya adhana ya alfajiri nagonga: elfu moja na moja.
Unywele tu. Lakini ni unywele wa kupanda.

Kumekucha. Mwamtumu anaokota kifuu kimoja mtaroni, kimejaa maji.
Anataka kuyamwaga. Namwambia usimwage, nipe rula.

Saa tatu na robo simu inatikisika juu ya kitabu.
Hamna shikamoo, hamna pole, hamna tumesalimika:
"Elfu moja na nne huku. Kwenu ngapi?"

Nautazama mshale. Siuoni.
Nafuta miwani kwa upindo wa kanga, natazama tena.