Naandika kwa Penseli

Walipoanza walikuwa thelathini na wanane.
Sasa nikiita majina asubuhi, hapa Newala,
ukungu wa Shimo la Mungu ukiwa bado dirishani,
zinaitika sauti ishirini na tisa,
na kila penye kimya natia alama ya penseli.
Wino siutaki. Wino ni wa waliokufa.

Mkuu wa chuo anataka sababu, kwa safu:
ada, mimba, utoro, mengineyo.
Nimekaa na hiyo fomu siku tatu.
Somoe Hokororo nimweke safu gani?

Ada alidaiwa, kweli. Korosho za bibi yake
zimo ghalani; mnada wa kwanza wakulima walikataa bei,
wa pili malipo hayajaingia,
na mhasibu wetu hapokei ahadi.
Lakini si hilo lililomfungisha begi.

Ilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wazazi.
Kichanga hakikulia.
Alikipangusa, akakisugua mgongo, akaminya mfuko wa hewa
kama nilivyomfundisha kwenye mwanasesere wa mpira,
akahesabu kwa sauti, akaendelea kuhesabu
hata daktari alipokwisha kuvua glovu.
Asubuhi akaosha trei, akatia saini kitabu cha zamu.
Hakuna aliyemuuliza neno.
Na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nasahihisha mitihani.

Safu hiyo fomu haina.

Jumamosi nikachukua bodaboda hadi Kitangari.
Nilimkuta uani, mikono inanata utomvu wa mabibo,
akikonyoa korosho, moja moja.
Akasimama, akajifuta kwenye kanga,
"Shikamoo, Sista," kisha macho chini.
Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Vumbi liliila.
Nikavuta kigoda, nikakonyoa naye.
Kwenye debe la pili nikamwambia ya kwangu:
mwaka wa kwanza kazini, Nachingwea, mapacha,
na jinsi nilivyoificha sare ndani ya foronya
nisiione ikiniangalia.
Bibi alisikiliza, hakusema kitu.
Akaingia ndani, akatoka na stakabadhi ya ghala,
kilo mia nne na kumi, imekunjwa mara nne.
"Mpelekee huyo mhasibu wenu.
Karatasi yenye mhuri nayo ni maneno matupu?"

Mhasibu ameipokea. Kwa kunung'unika.
Somoe nimempanga zamu yangu, si ya mwingine,
na zamu ikiisha tunakaa, chai, dakika kumi,
kila mmoja aseme alichotoka nacho wodini.
Wengine wanasema hawana kitu.
Chai wanakunywa.

Danstan Nampanda hajarudi.
Nilimwona Masasi juu ya pikipiki, kapakia abiria wawili;
akanipigia honi, akapita.
Nafasi yake daftarini ipo, mstari wa kumi na saba.
Fomu nimeirudisha, na safu moja
niliyoichora mwenyewe kwa rula.
Mkuu hajanijibu.
Kifutio kiko mfukoni.