Kopo la Shahamu

Mwanjaa, mke wa mwanangu, kaniletea kopo
jana baada ya alasiri. Elfu ishirini na tano,
kanunua Barabara ya Saba kwa kijana mwenye spika
na koti jeupe kama la daktari.
"Mama, hii ni asilia. Soma mwenyewe."

Nikavaa miwani, nikasoma:

"Mafuta ya ng'ombe wa nyikani, aliyekula majani tu.
Hayana kemikali hata moja.
Ngozi huyatambua kama ndugu.
Huondoa ukurutu, mba, mabaka, chunusi, makunyanzi,
michirizi ya uzazi, na uchovu.
Siku saba."

Na uchovu! Nikacheka mpaka miwani ikashuka puani.

Mimi nimezaliwa nyuma ya bucha.
Baba yangu Mbaruku alikata nyama Ngamiani miaka thelathini na miwili,
na mimi ndiye niliyeyeyusha shahamu ya figo uani,
moto mdogo, chumvi kiganja, maji kikombe,
nikaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu
mara tatu, mpaka ikaganda nyeupe kama chokaa.
Naijua shahamu. Haijapata kunitambua kama ndugu.
Ng'ombe hakuwa ukoo wetu; tulimla.

Asilia, Mwanjaa? Upupu ni asilia.
Utupa unaoelekeza samaki matumbo juu ni asilia.
Hayana kemikali? Chumvi ni kemikali, na maji,
na hayo maziwa unayomnyonyesha Hatibu.
Kopo tupu ndilo lisilo na kemikali,
na hilo nalo lina hewa.
Nyika ipi? Nani alimfuata ng'ombe malishoni na daftari?
Geuza chini. Tarehe hakuna. Mji hakuna.
Ipo namba ya simu, na ukipiga, haipatikani.

Na hizo siku saba:
wangapi walipakwa, wangapi hawakupakwa wakapona vilevile?
Ukurutu ni mgeni wa kuja na kuondoka;
ukimpaka mafuta siku anapofunga mizigo,
mwenye kopo atasema ndiye aliyemfukuza.

Nikachovya ukucha, nikanusa.
Juu, asumini. Chini yake, kimya.
Shahamu ya kweli, hata uichuje vipi,
chini kabisa hukumbuka zizi.
Tena ile ya figo hubishana na kidole kabla ya kulainika;
hii ililegea papo hapo, kama shahidi wa kununuliwa.
Labda imechanganywa. Labda si ng'ombe.
Sijui. Na "sijui" ndilo neno
ambalo kwenye kopo lile halimo.

Sikatai kila kitu. Mama yangu, visigino vilimpasuka
kwa kusimama kwenye saruji ya bucha,
akavipaka shahamu kila usiku, akavaa soksi za baba,
na nyufa zikafumba. Ilifunika, ikazuia ukavu.
Haikudai zaidi ya hapo, wala haikuwa na spika.

"Basi nimeliwa," Mwanjaa akasema.
Hakulia. Alimtazama Hatibu
akijikuna kwenye kikunjo cha kiwiko,
mkuno ule wa usiku kucha, shuka na vidoa vya damu,
na mama ameketi macho, amemshika vidole mpaka adhana.

Hapo nikalikumbuka lile neno nililolicheka.

Nikavua miwani. Sikuongeza hoja.
Nikampakata mtoto, nikamkata kucha moja moja,
nikamwambia mama yake: kalale,
kesho tutampeleka Bombo, nitapanga foleni mimi.
Alilala na viatu.

Kopo liko dirishani. Karatasi nimeibandua kwa maji moto,
ikatoka na ng'ombe wake na nyika yake yote.
Ubavuni nimeandika kwa kalamu ya wino mzito,
herufi kubwa, ili hata mimi bila miwani nione:
VISIGINO. LABDA.