Jozi Sita

Keko Machungwa bado inaamka kwa saa yako, Babu Mbawala:
kumi na moja, ufagio, kikohozi kimoja,
halafu jogoo wa jirani, kama aliyesubiri ruhusa.

Miaka themanini na tisa.
Kitanda ulikitandika mwenyewe mpaka Jumanne ile,
shuka limekazwa kama ngozi ya ngoma.

Mguu wako wa kushoto ulijua mvua kabla ya redio.
Tukikuuliza habari za Kagera, jibu lilikuwa moja:
"Kulikuwa na matope."
Kisha: leteni viatu vya shule.
Jozi sita, kiwi, flana kuukuu, mate kidogo,
ukavisugua mpaka tukayaona meno yetu humo.
Mimi nilidhani ndiyo kazi ya wanajeshi.

Medali tumeikuta kwenye mkebe wa vifungo vya Bibi.
Chini yake, picha ya kijana tusiyemjua,
kavaa magwanda, yuko peku,
anacheka.

Leo nimeng'arisha vyangu kuja kukuzika Chang'ombe.
Mvua ilitutangulia.
Nimerudi, nimevivua mlangoni,
sijavifuta.
Kulikuwa na matope, Babu.