Povu la Bafu

Croydon, Februari, sabini na nne.
Umeme umekatika tena; taa moja ya jenereta
inamkodolea Glenys macho.
Povu ni sabuni ya vyombo,
maji yalipoa kabla ya chai.

"Shangaa!" anafoka mwongozaji. "Fundi yuko dirishani!"
Fundi ni Desmond, baba wa watoto wanne,
kang'ang'ania ngazi, kafumba macho kwa adabu.
"Fumbua, bwana! Filamu ni ghali!"

Glenys anashangaa. Mara ya sita.
Meno yanagongana;
wanasema amecheka vizuri.

Kando, Bi Enid wa mavazi
ameikumbatia taulo ndani ya koti,
kama kuku na yai lake,
akingoja neno "kata"
aitoe ingali na joto.

Pauni kumi na mbili kwa siku.
Nauli juu yake.